Mto wa Mbao Usiolaliwa

KITUO KIKUU CHA POLISI, CHUMBA CHA UPELELEZI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jambo linalochunguzwa: Wizi wa mali ya makumbusho
Shahidi: Mwanamke, jina kamili limo kwenye jalada. Darasani anajulikana kama Redio
Umri: Miaka 29
Kazi: Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, anthropolojia, msaidizi wa kozi ya mikusanyo
Makazi: Kwa dada yake, nyumba zilizo nyuma ya kiwanda cha sabuni
Siku: Jumamosi, tarehe 14 mwezi wa nane, asubuhi

Nimekuja kituoni kwa hiari yangu mwenyewe, sikuitwa na mtu. Nimeelezwa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa, nami nimeelewa. Kuhusu hilo jina la Redio, naomba lisinishushie uzito. Niliitwa hivyo kwa sababu nasema sana. Hakuna aliyewahi kuniita mwongo.

Afande ameniomba nianze na kozi yenyewe, maana ameniuliza watu wazima na ndevu zao wanafundishwa nini ndani ya stoo ya vitu vya zamani. Ni swali zuri, hata shemeji yangu huniuliza. Kila mwaka mwezi wa nane, wanafunzi wa uzamili na uzamivu tunashuka kwenye ghala lililo chini ya makumbusho ya chuo. Humo mna vikapu, ngoma, vyombo vya kupikia, mapambo, silaha, vitu vilivyokusanywa na watu waliokwisha kufa, na wengi wao hawakuuliza maswali ya maana walipovichukua. Kazi yetu ni kuyauliza sasa. Mwanafunzi anapewa kitu kimoja akae nacho mchana kutwa. Anakichora, anakipima, anakinusa. Anajiuliza nani alikitengeneza, nani alikitumia, na kwa nini kimechakaa upande huu na si upande ule. Tunavaa glavu, tunabeba kila kitu kwenye trei yenye karatasi laini, na chai inabaki nje ya mlango. Mtu akizoea kusoma habari za watu vitabuni tu, akishuka humo siku ya kwanza anaona kama kila kitu kimenyamaza. Baada ya siku mbili tatu anaanza kuona.

Anayetufundisha ni mwalimu mmoja mwanamke, mtu mzima, anayebakiza mwaka mmoja astaafu. Nyuma ya mgongo wake tunamwita Mama Makabati, na nadhani anajua. Ndiye pia msimamizi wa tasnifu yangu. Nilipofiwa na mama alikuja nyumbani akakaa jikoni na dada yangu wakaosha vyombo vya msiba pamoja. Nampenda mwalimu huyu, naomba hilo liandikwe. Afande ameliandika.

Sasa nieleze habari ya mtego, kwa sababu bila hiyo hakuna kitakachoeleweka.

Kila mwaka mwalimu humpa fundi kazi ya kutengeneza kitu kimoja kipya kinachofanana na vya zamani. Hukizeesha mwenyewe kwa mafuta, moshi na vumbi, hukiandikia namba kama zile za makumbusho, halafu hukichanganya na vya kweli ghalani. Siku ya kwanza anatuambia: humu ndani mna kimoja cha bandia, kitafuteni kwa macho yenu. Anayekigundua hatakiwi kupiga kelele. Anakifunika kwa karatasi ili wenzake waendelee kutafuta, anamwendea mwalimu na kumnong'oneza kitu gani na amejuaje. Akiwa amepata, mwalimu anamwambia, "Ni chako," naye anaondoka nacho nyumbani kuwa zawadi. Mtego ni kitu gani, mwalimu hamwambii mtu yeyote, hata msaidizi wake. Mwaka jana niliugundua mimi, ndiyo sababu mwaka huu nikafanywa msaidizi.

Mtuhumiwa namfahamu. Ni mwanafunzi wa uzamili, mdogo kwangu. Tunamwita Kipimo kwa sababu huvaa shingoni futi ya fundi cherehani, ambayo ni ya mama yake, na hupima hata vitu visivyohitaji kupimwa. Siku moja alipima sambusa zangu mbili akaniambia nimepunjwa. Ni mtu wa maneno machache. Sisi wawili tulikuwa tunakaa pamoja, labda kwa sababu mimi nilitosha kusema kwa ajili yetu sote.

Mnamo tarehe 12 mwezi wa nane, siku ya Alhamisi, yapata saa sita mchana, nilikuwa ghalani. Bomba la maji lilikuwa limeanza kuvuja juu ya kabati la ngoma. Nilikuwa nimeshika ndoo kukinga maji, na mwalimu alikuwa amesimama kando yangu, simu sikioni, akigombana na fundi bomba aliyekuwa akisema atakuja kesho. Ngoma zile zikilowa zinaharibika, na mwalimu alikuwa amechanganyikiwa, hilo lazima niliseme kwa haki yake.

Kipimo alikuja na trei iliyofunikwa. Alimsogelea mwalimu sikioni kama ilivyo kanuni, lakini kwa kuwa nilikuwa karibu na ndoo yangu, nilisikia yote.

Alisema, "Mwalimu, nimeupata."

Mwalimu aliweka kiganja kwenye simu. "Kitu gani?"

"Mto wa mbao."

Mto wa mbao, afande, ni kile kiti kidogo ambacho watu wa zamani waliwekea shingo wakilala, ili nywele zilizosukwa zisiharibike.

Mwalimu akamuuliza, "Umejuaje?"

"Haujalaliwa. Pale pa kuwekea shingo kingo bado ni kali. Hakuna mafuta ya nywele, hakuna jasho. Umechakaa miguuni tu, kwa kuburutwa kwenye rafu. Hakuna mtu aliyewahi kuulalia."

Mwalimu alitabasamu. Katikati ya maji na fundi bomba na yote, alitabasamu kama mtu aliyeletewa mtoto wake. Akamwambia, "Hicho ndicho ninachotaka mjifunze. Haya, ni wako. Funika vizuri wenzako wasione." Kisha akarudi kwenye simu.

Hakufunua karatasi kuangalia. Mimi pia sikufunua.

Saa kumi jioni niliondoka pamoja na Kipimo. Alikuwa ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili, na mimi nikamtania kwamba akitembea hivyo watu watadhani ameiba. Sikujua ninachosema. Getini mlinzi aliomba kuona mikoba, kama anavyoomba kila siku tangu mwaka huu uanze. Kipimo alifungua wake mwenyewe, akafunua na karatasi, akamwambia, "Nimezawadiwa darasani." Naomba jambo hili litazamwe vizuri. Hakujificha, hakupita mlango mwingine, hakusubiri mlinzi ageuke. Alikuwa anatamani mtu amuulize.

Mlinzi aliona namba ya makumbusho, akapiga simu ndani. Alikuja msimamizi wa mikusanyo, akaja mkurugenzi wa makumbusho, mwisho akaja mwalimu, mikono ya gauni lake ikiwa bado imelowa. Msimamizi alivaa glavu, akaugeuza mto, akasoma namba na kusema kwamba huu ni mto wa kweli, umo kwenye mkusanyo tangu kabla hajazaliwa.

Nilikuwa namtazama mwalimu. Uso ulimshuka. Aliona palepale kilichotokea, na mimi nikaona kwamba ameona. Ghalani mlikuwa na mito ya mbao miwili. Siku ya Jumanne, nikipanga trei, niliiona yote miwili kwenye makabati tofauti, sikuwa na sababu ya kuifikiria. Mmoja ndio uliokuwa mtego wake. Kipimo alimletea ule mwingine, naye akamzawadia bila kuutazama.

Mkurugenzi alimuuliza, "Mwalimu, una habari yoyote kuhusu jambo hili?"

Akasema, "Sina."

Nikamwambia, "Mwalimu, si ulimwambia ni wake?" Mkurugenzi akanigeukia akaniambia, "Wewe subiri, utaulizwa." Mpaka leo asubuhi sijaulizwa.

Kipimo hakulia. Alimwambia, "Mwalimu, waambie tu." Aliyasema mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemkumbusha mwenzake alichosahau. Mwalimu aliangalia mikono ya gauni lake.

Wakati tunasubiri polisi nilimuuliza msimamizi wa mikusanyo, inakuwaje mto wa zamani namna ile usiwe na alama ya kulaliwa? Alinijibu bila shida. Ulinunuliwa ukiwa mpya kwa mtu aliyeuchonga, ukafungwa kwenye sanduku na kuletwa moja kwa moja. Hakuna aliyewahi kuulalia. Kwa hiyo Kipimo aliona sawasawa. Katika watu wote waliouandika na kuuchora mto ule miaka yote hiyo, sijasikia mwingine aliyeligundua hilo, na ndilo lililomtia ndani. Nilikasirika sana nilipoelewa, na hasira hiyo bado ninayo.

Alipopandishwa gari la polisi, Kipimo aliniomba nimpigie mama yake, ila nisitumie neno polisi. Nilipiga. Nilitafuta neno lingine la kutumia, nikalikosa, na mama yake akawa ananiuliza, "Anaumwa? Anaumwa wapi?" Mwisho nilimwambia ukweli. Simu yake ilikatika, au aliikata, sijui.

Siku hiyohiyo, jioni, kabla ya chakula, mwalimu alikuja nyumbani kwa dada yangu. Shemeji alimkaribisha kwa shangwe, maana hakujua lolote, akatutania kwamba leo nimefeli mpaka mwalimu amekuja kunishtaki. Mwalimu alicheka kidogo. Tulipobaki wawili sebuleni aliniambia maneno haya, nitayasema kama nilivyoyasikia.

Alisema, "Mwanangu, mkurugenzi hajui habari ya mitego. Kuingiza kitu cha bandia ghalani na kukiandikia namba ya makumbusho ni kosa la kufukuzwa kazi. Nikifukuzwa sasa, mafao yangu yote yamekwenda na maji."

Nikamwambia, "Kipimo yuko mahabusu."

"Ataachiwa. Mto umepatikana, haujavunjika. Watamwonya, yataisha."

"Na chuo je? Watamrudisha mwizi darasani?"

Alisema, "Wewe tasnifu yako imebaki sura moja." Sikujua ananitisha au ananihurumia. Nimelifikiria jambo hilo usiku mbili na bado sijui. Nadhani hata yeye hakujua.

Hapo dada yangu aliingia na bakuli la wali ili mgeni asiondoke bila kula. Ndani ya bakuli mlikuwa na mwiko. Ni ule niliozawadiwa na mwalimu mwaka jana, mtego wangu mimi. Mwanzoni nilikuwa nimeutundika ukutani, lakini dada yangu hana subira na vyombo vya kutundikwa. Anaupakulia wali kila siku. Umeungua ncha, mpini umeng'aa kwa kushikwa, na namba ya makumbusho bado inasomeka upande wa chini.

Mwalimu aliuona. Alisema, "Bado mnao?" Kwa muda mfupi alikuwa yule yule ninayemjua. Aliuchukua, akaugeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole pale ulipoungua, akasema, "Tazama ulivyozeeka vizuri. Mimi na mafuta yangu nisingeweza hivi."

Nikamwambia, "Mwalimu, huu ndio ushahidi kwamba mitego ipo. Nitaupeleka polisi."

Akaurudisha bakulini polepole. Akasema, "Mwiko wa zamani, una namba ya makumbusho, umekutwa jikoni kwenu. Nani atasema haukuibwa?"

Nikamwambia, "Wewe."

Alisimama, akamshukuru dada yangu kwa chakula ambacho hakukigusa, akaaga. Nilimsindikiza mpaka barabarani kwa sababu ni mwalimu wangu na nimelelewa hivyo.

Mnamo tarehe 13, Ijumaa asubuhi, ilikuwa siku ya mwisho ya kozi. Ni siku ambayo mwalimu hutangaza nani ameugundua mtego. Wanafunzi wote walikuwepo isipokuwa Kipimo. Mmoja aliuliza kuhusu mtego, kwa kusitasita. Mwalimu alisema, "Mwaka huu sikuweka. Nilisema vile ili muwe makini." Walikuwa wanane mezani, na wote walimsikia Jumatatu, siku ya kwanza, akisema umo. Wote walitazama karatasi zao. Siwalaumu, kila mmoja ana tasnifu yake mikononi mwa mwalimu fulani. Lakini naomba waitwe mmoja mmoja, si kwa pamoja, na waulizwe tu: Jumatatu mwalimu alisema nini?

Nilikwenda kwenye kabati nilikouona ule mto wa pili siku ya Jumanne. Haukuwepo. Karatasi ya kwenye rafu ilikuwa bado imebonyea pale miguu yake ilipokuwa. Niliiacha ilivyo, sikuigusa, na naomba mtu aende akaipige picha kabla haijabadilishwa.

Mchana nilikuja hapa kituoni kumletea Kipimo chakula. Nilimkuta mama yake kwenye benchi la mapokezi, ameweka mkoba magotini. Aliniuliza kama ni mimi niliyepiga simu. Nikasema ndiyo. Akaniuliza, "Mwanangu aliiba?" Nikamwambia hapana. Akaniuliza, "Umewaambia hao?" Akaonyesha kaunta kwa kidevu. Wakati huo nilikuwa sijawaambia, nilikuwa naogopa. Mpaka sasa naogopa.

Leo asubuhi niliuosha mwiko, nikaufunga kwa karatasi laini kama tulivyofundishwa, nikautia mkobani. Dada yangu aliniuliza wali utapakuliwa na nini. Nilipomweleza alikaa chini kwenye kiti cha jikoni akaniambia nisiende, watanifunga na mimi. Shemeji hakutania. Alikwenda kunitafutia gari.

Mwiko huo nimeuweka mezani mbele ya afande kwa hiari yangu. Najua una namba ya makumbusho. Najua siwezi kuonyesha kwamba nilipewa, kwa sababu tulipewa kwa mdomo, kwa kunong'onezwa. Na najua mtu akiutazama leo ataamini ni wa zamani kuliko ule mto, maana umetumika na mto haukutumika.

Nina ombi moja. Mwalimu akiitwa, asianze kuulizwa habari za mto. Ule aliukataa mbele ya mkurugenzi, na mtu akishakataa mbele ya mkubwa wake ni vigumu kurudi nyuma. Aulizwe kwanza kuhusu mwiko. Huu aliutengenezesha, akauzeesha, akanipa mkononi, na juzi aliushika nyumbani kwetu. Akikubali kwamba alinizawadia, basi zawadi zipo, na Kipimo aende nyumbani na mama yake. Akisema haufahamu, basi na mimi nina mali ya makumbusho ambayo siwezi kuieleza, kama Kipimo. Tuwekwe pamoja.

Sina la kuongeza. Nimesomewa yote tangu mwanzo, nimeomba neno moja tu lirekebishwe, pale palipoandikwa kwamba mwalimu alinitisha. Nimesema sijui. Limerekebishwa. Hayo ni maneno yangu na natia sahihi nikiwa na akili timamu.

(Sahihi ya shahidi)

Maelezo ya ofisa:
Nimeyaandika haya mimi, koplo wa zamu, kama yalivyosemwa na shahidi. Mwiko mmoja wa mbao, wenye namba upande wa chini na ncha iliyoungua, umepokelewa kuwa kielelezo. Mwalimu aliyetajwa amepigiwa simu na amefika kituoni saa sita mchana. Kwa ombi la shahidi ameonyeshwa mwiko kwanza, shahidi akiwa chumbani. Ameutazama bila kuushika. Amesema haufahamu na hajawahi kuuona. Nimemuuliza shahidi kama ana la kujibu. Kabla sijamwelekeza chochote, amevua viatu na mkufu, akaviweka mezani, kama wanavyofanya wanaoingizwa mahabusu.